Busta Nyeusi na Lango la Upande wa Kibera

Nyinyi vijana mnaobeba pampu mgongoni siku hizi, nimewasikia mkiiita ile dawa nyeusi ya nyasi busta. Mnafungua dumu, mnanusa, mnakunja pua, halafu mmoja anamwambia mwenzake aongeze kidogo kabla mathe, yaani mimi, hajafika. Mathe anaona. Nilistaafu, sikupofuka. Juzi nilipopita kuwasalimu niliona ule mstari wa nyasi zilizoungua karibu na kibendera cha kona, nikajua aliyemimina hakupima kwa kifuniko. Sikusema kitu. Mimi tangu utotoni ni mtu wa kunyamaza, na maneno yangu mazuri hunijia nikiwa nimeshafika nyumbani Kongo, kule Kawangware, na nimeshavua viatu. Ndiyo sababu ninayaandika.

Busta si chakula. Hilo mlijue kwanza. Mbolea ndiyo chakula. Busta ni kama harufu ya kitunguu kinapokaangwa nyumba ya jirani: haikushibishi, lakini tumbo lako linaamka na kukumbuka kazi yake. Wataalamu wanaiita kichangamshi. Ile yetu nyeusi imetengenezwa kwa mwani, majani yanayoota baharini, na mimi bahari sijawahi kuiona. Hebu fikirini. Kitu kilichoota ndani ya maji ya chumvi kinasafiri mpaka Nairobi, kinaingia kwenye pampu ya mwanamke kutoka Kitui, na nyasi za hapa zinakielewa. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi na bado sijaizoea ajabu hiyo.

Niliingia pale kwenye klabu ya michezo kama kibarua wa kung'oa magugu. Nilikuwa na darasa la saba na aibu nyingi, na niliipenda kazi kwa sababu magugu hayaulizi maswali. Aliyenitoa kwenye magugu ni Mzee Wafula, mkuu wa uwanja, mtu wa Bungoma aliyekaa Gatwekera, kule Kibera, tangu nyumba za pale zikiwa chache. Alikuwa na kisu cha jikoni ambacho mkewe alikidai kila siku. Alikitia kwenye nyasi, akakata kipande chenye umbo la kipande cha keki, akakiinua na kukitazama kwa upande. Siku ya kwanza nilidhani amepoteza kitu. Akaniita.

"Mutheu, unaona nini?"

Nikasema naona nyasi.

"Hizo ni nywele tu. Mtu hajulikani kwa nywele. Angalia chini."

Basi nikajifunza kuangalia chini, na kwa mtu mwenye aibu hilo si gumu.

Kabla ya busta tulikuwa na njia zetu. Tulimwaga samadi ya ng'ombe, na wachezaji wa raga wakainuka kwenye kila rundo la watu wakinuka boma. Tulimwaga mbolea ya chumvichumvi kabla ya mechi kubwa ili uwanja ung'ae kijani, na kweli uling'aa, halafu baada ya muda mfupi ukachoka kama mtu aliyekopa nguvu. Mzee Wafula aliita hiyo kupaka mafuta usoni bila kuoga. Tulijua haifai, lakini wageni walipenda kijani, na mshahara ulipenda wageni.

Uwanja wetu mnaujua: lango moja linatazama Kawangware, jingine linatazama Kibera. Lango la upande wa Kibera ndilo lililotutesa. Udongo wake ni ule mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka ni jiwe, ukilowa ni ugali ambao haujaiva. Nyasi zilikuwa zinaota pale, lakini viatu vya mechi moja tu vilizing'oa zote, na mvua ikimaliza, mlinda lango alisimama kwenye kidimbwi.

Mwaka mmoja, kabla ya mvua ya masika, meneja alituita wote kwenye banda la mashine. Alikuwa mtu wa haki na alisema mambo waziwazi. Akasema wakati wa masika tutakuwa na mashindano, na yakiisha huku lango la Kibera bado ni tope, wenye klabu watang'oa nyasi zote na kutandika zulia la plastiki, lile mnaloliita astro. Astro haiogopi mvua. Astro inakodishwa kwa saa, asubuhi mpaka usiku wa manane, na kila saa ina bei yake.

Wenzangu waliwaza kazi zao. Mimi pia niliwaza yangu. Lakini nilimtazama Mzee Wafula, na nilijua yeye anawaza Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi klabu iliiruhusu timu ya wasichana wa Gatwekera kucheza pale bila malipo, kwa kuwa nyasi haziwezi kukodishwa kila saa na asubuhi hakuna mtu aliyezitaka. Mjukuu wake, Mercy, ndiye aliyekuwa mlinda lango wao. Nyasi zikigeuka astro, Jumamosi asubuhi ingeuzwa kama saa nyingine zote. Wale wasichana wangerudi kwenye uwanja wa changarawe kule chini.

Tulipotoka, Mzee akaniambia tu, "Sasa hizi nyasi si nyasi tena, ni mlango. Zikifungwa, mtoto yuko nje."

Ile busta nyeusi ilikuwa imeshaletwa na dada mmoja mtaalamu, Njeri, aliyefanya kazi na watu wanaouza pembejeo. Alikuja na buti zenye matope, sio viatu vya ofisini, na hilo lilimpa alama kwa Mzee. Alitufundisha kupima kwa kifuniko, kupiga dawa asubuhi umande ukiwa bado upo, na kutorudia kila tunapojisikia. Tukapiga. Tukangoja. Lango la Kibera likakaa vilevile, limekauka kama kisogo cha mtu mwenye upara.

Mzee Wafula akasema tumenunua soda ya bahari. Akasema kama ni maji ya vitu vya majini tu, basi Kisumu Ndogo, palepale Kibera, yamejaa, tena bila kusafiri. Kulikuwa na mama wa omena karibu na kwake, na nyuma ya kibanda chake, pale alipomwaga vumbi la omena na maji aliyooshea, nyasi zilikuwa ndefu na nzito hata mbuzi walizigombania. Jambo hilo ni kweli, nililiona kwa macho. Na Njeri mwenyewe alikuwa ametuambia kuna vichangamshi vingine vinavyotengenezwa kwa samaki. Mzee alisikia samaki, hakusikia vinavyotengenezwa.

Akapata pipa. Akatia vumbi la omena, vichwa vya samaki, maji na molasi, akafunika na gunia nyuma ya banda la mashine. Lilipoanza kutoa povu akafurahi kama mtu anayepika pombe. Sisi wengine tukawa tunapitia upande wa pili wa banda. Nilimwambia taratibu kwamba harufu imezidi. Akaniambia watu wa Kitui hamjui samaki. Kweli, hatumjui.

Jioni moja akalinyunyizia lango la Kibera pipa zima.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika, na langoni nikaona wazee wamesimama kwa makoti meusi, kama wako matangani. Nilisogea nikaona ni makorongo, wale ndege wakubwa wenye vipara wanaokaa kwenye majalala. Walikuwa wanachoma udongo kwa midomo na kutembea kwa heshima. Katikati yao kulikuwa na mbwa wa Kibera, sijui wangapi, wanachimba kwa miguu yote minne. Mmoja alikuwa amelala ndani ya shimo alilochimba, ameridhika. Mahali penye nyasi kidogo tulizokuwa nazo palikuwa pamepinduliwa kama shamba linalongoja mahindi.

Mzee Wafula alifika akakimbilia pale huku anapunga kofia. Korongo mmoja alimtazama, akapiga hatua moja kando kumpisha, akaendelea kula. Wenzetu walianguka chini kwa kicheko. Mpaka leo wanaume wa pale wakitaka kumchokoza mtu anayejifanya mtaalamu, wanamwuliza kama ndege wamealikwa.

Mzee hakucheka. Alikaa chini penye mlingoti wa lango akashika kichwa. Nilikaa karibu naye, kwa sababu kukaa karibu na mtu bila kusema ni kazi ninayoiweza.

"Nimemfungia mlango mimi mwenyewe," akasema.

Nilienda ofisini nikaomba simu, nikampigia Njeri. Kwa mtu kama mimi, kuomba simu ya ofisi ilikuwa sawa na kuhubiri sokoni. Lakini nilimpigia.

Njeri alikuja siku hiyohiyo. Alitazama yale mashimo, akauma midomo, akasema samaki wenyewe si wazo baya, ila wanaotengeneza hiyo dawa huichuja na kuichachusha vizuri mpaka haina cha kuita mbwa. Halafu akamwomba Mzee kisu chake. Akakata kipande pale ambapo nyasi zilibaki, akakigeuza. Mizizi ilikuwa mifupi kuliko kidole changu kidogo, imejikunja yote juu, kama watu waliojibana kwenye baraza wakati wa mvua.

Akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza. Akauliza tunamwagiliaje maji.

Nikamweleza. Kidogo kidogo, kila siku, tunanyunyiza mpaka uso ulowe, tunafunga bomba upesi.

"Nani aliwafundisha hivyo?"

Tukatazamana. Hakuna aliyetufundisha. Sisi wote pale tulitoka kwenye nyumba ambazo maji hununuliwa kwa mtungi. Tangu nije Nairobi nimekoga kwa beseni, nimeosha vyombo kwa maji ya kufulia, nimewapiga watoto kwa kuacha mfereji wa watu ukidondoka. Mzee Wafula vilevile. Kumwaga maji yazame ardhini mpaka usiyaone, kwetu hilo ni dhambi. Kwa hivyo tulilea nyasi kama tulivyojilea: tone leo, tone kesho. Nazo zikajifunza. Zikaona maji yapo juu tu, basi mizizi ikae juu, ishuke chini kutafuta nini?

Njeri hakutucheka. Alisema busta inaamsha mizizi, ni kweli, lakini mizizi ikiamka na kukuta chini ni jiwe lisilo na maji, itarudi kulala. Alisema yeye ndiye alipaswa kuuliza habari za maji kabla ya kutuletea dumu. Nilimheshimu sana kwa neno hilo.

Basi tukaanza upya, na hapa ndipo ninapotaka mnisikie vizuri kuliko mahali pengine.

Tulichukua uma za bustani, tukazizamisha langoni kote, tukazitikisa kidogo na kuzitoa, hatua kwa hatua, mpaka mikono ikawa na malengelenge. Tukatia mchanga na mboji kwenye matundu. Halafu tukafungua bomba na kuliacha. Mzee Wafula alisimama pale maji yanapozama, anahema. Mara mbili alienda kulifunga na mara mbili nikamwona anajizuia. Aliniambia anasikia sauti ya mamake. Tulipomaliza tukaacha pakauke kwa siku kadhaa kabla ya kumwagilia tena, na hilo la kuacha lilikuwa gumu kuliko kumwaga.

Nyasi za kupandikiza tulizichimba nyuma ya jukwaa, nyasi za kikuyu, tukazikata vipande vyenye vifundo. Kabla ya kupanda, Njeri akatuambia tuvilowanishe kwenye ndoo ya maji yenye ile busta nyeusi kidogo sana, rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Vilowe, vitoke, vipandwe. Lakini akasema mstari mmoja, kutoka mlingoti wa kushoto kwenda mbele, tuulowanishe kwa maji matupu na tusiupige busta hata kidogo. Tuufanyie mengine yote sawa: uma, mchanga, maji mengi.

Mzee alikasirika. "Kwa nini tunyime sehemu? Mechi zinakuja."

Njeri akamwambia, "Mzee, usipoacha mstari, nyasi zikiota utanishukuru bure, na zisipoota utanilaumu bure."

Tafadhali shikeni hilo. Msipige uwanja wote dawa mpya. Acheni mstari. Huo mstari ndio utakaowaambia ukweli, na haupati faida kwa kuuza kitu.

Baada ya muda, asubuhi moja yenye ukungu, mimi na Mzee tulipiga magoti langoni. Alikata kipande kwenye mstari wa maji matupu. Mizizi ilikuwa imeshuka, myeupe, mizuri, mirefu kuliko yote tuliyowahi kuona pale. Tukashangaa. Nikasema moyoni, kumbe ni maji na uma tu, busta ni hadithi. Halafu akakata upande wa pili.

Kisu kilikataa kuinua. Akakitikisa, akaingiza vidole, akavuta, na kipande kilipotoka kilitoa sauti kama kitambaa kinachochanika. Udongo mweusi haukuanguka. Ulikuwa umeshikwa. Mizizi ilitokeza chini yake kama ndevu, na kila mzizi ulikuwa na nywele nyeupe nyembamba ambazo unaziona tu ukigeuza kwenye mwanga, na kila unywele umebeba chembe ya udongo. Ilikuwa imepita kwenye yale matundu ya uma ikaendelea chini, mahali ambapo sisi hatukufikisha kitu chochote. Hatukuiona ikienda. Tulikuwa tunalala, tunakula githeri, tunabishana kuhusu makorongo, na chini ya miguu yetu kitu hicho kilikuwa kinatembea gizani kikijua kinakoenda.

Mzee Wafula aliweka kile kipande kwenye kiganja. Halafu akavua kofia. Si kwa kufikiri, nadhani. Mkono ulikwenda wenyewe. Mimi nimekaa kanisani miaka yote na sijui kama niliwahi kunyamaza vile. Kisha tukakirudisha mahali pake, tukakikandamiza kwa viganja kama mtu anavyomfunika mtoto.

Masika ilikuja kwa hasira. Siku ya mechi ya mwisho mvua ilinyesha tangu alfajiri, na meneja alisimama chini ya mwavuli nyuma ya lango la Kibera, na wenye klabu wawili pamoja naye. Sisi tulisimama kwenye banda na hakuna aliyekunywa chai. Kila kundi la wachezaji lilipoteleza langoni, Mzee alifumba macho. Filimbi ilipolia, wale watu watatu waliingia uwanjani na viatu vyao vizuri.

Mstari wa maji matupu ulikuwa umechanika mahali mahali, tope linaonekana. Si vibaya sana, ungepona. Pembeni yake nyasi zililala, zimekanyagwa, zimechafuka, lakini zilikuwa pale. Meneja alisugua kisigino kwa nguvu, akasugua tena. Akawaonyesha wenzake ule mpaka, huku na huku. Walizungumza kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kama mwaka. Halafu alikuja bandani, akamwambia Mzee kwamba wachezaji wachanga watawekewa astro kule nyuma kwenye maegesho ya zamani, na uwanja mkubwa utabaki nyasi.

"Na Jumamosi?" Mzee akauliza.

Meneja hakuelewa. Nikashangaa kusikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Wasichana wa Gatwekera. Bado ni yao?"

"Kwani kuna mtu amewaambia wasije?" meneja akasema, na akaenda kukausha viatu.

Sasa niwaambie Jumamosi ile, halafu niwaache mrudi kazini.

Mtoto aliyejifunza mpira kwenye changarawe ya Kibera, akiwa langoni, haruki. Hilo nililijua siku hiyo. Mpira ukija chini kando, anaunyooshea mguu, au anautazama ukiingia, kwa sababu kule chini kuna kokoto na vioo, na mtu ana magoti mawili tu ya maisha yote. Mercy alikuwa hivyo hata kwetu, kwa kuwa lango letu la zamani lilikuwa gumu kama kule. Wenzake walimtania, wakimwita sanamu. Jumamosi hiyo alisimama kwenye lango la Kibera, na nyasi zilikuwa bado zina unyevu. Msichana mmoja alipiga mpira chini, kwenye pembe, na Mercy akaanza kunyoosha mguu kama kawaida yake. Sijui mguu wake ulihisi nini kwenye ule udongo. Alibadili nia katikati, akajitupa mzima, mikono mbele, akaanguka kwa ubavu na kuteleza, akautoa mpira nje kwa ncha za vidole.

Alibaki amelala. Mzee alishaanza kukimbia akidhani ameumia. Alipofika alimkuta mjukuu wake kifudifudi, anapapasa nyasi kwa kiganja, huku na huku, polepole.

"Babu," akasema, "haijauma."

Akainuka, akarudi katikati ya lango, akawaita wenzake wapige tena.